Maswali ya Wasomaji: Biashara Ndogo si Kundi Moja

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya ukurasa huu zimehusu biashara ndogo: aina zake, usajili wake, mikopo yake na nafasi yake katika uchumi. Tumechagua sita na kuzifupisha pale ilipobidi. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tumefundishwa kwamba biashara ndogo ni za aina tatu, yaani za uzalishaji, za kununua na kuuza, na za huduma. Baba yangu mdogo ana mashine ya kukamua alizeti. Ananunua alizeti, anauza mafuta na mashudu, na pia anawakamulia watu kwa malipo. Yeye yumo katika aina ipi? Na biashara kama yake inauchangia nini uchumi wa nchi zaidi ya kulisha familia yake?
*Mwanafunzi, Singida*

Mwanafunzi wetu, mwalimu wako hajakosea, na baba yako mdogo hajavunja kanuni yoyote. Mgawanyo huo wa aina tatu hutazama kazi inayofanyika, na ndani ya banda moja kazi zote tatu zinaweza kufanyika siku ile ile. Anapokamua alizeti aliyoinunua mwenyewe ni mzalishaji, anapouza mafuta na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, ni muuzaji, na anapomkamulia jirani kwa malipo ni mtoa huduma. Wenye mtaji mdogo huchanganya kazi hivyo kwa sababu wanalazimika. Alizeti ni zao la msimu, na mwenye mashine asiyekuwa na fedha za kununua na kuhifadhi mbegu za kutosha huishi kwa malipo ya kukamulia wengine hadi akiba yao itakapokwisha. Baada ya hapo mashine hukaa kimya, au hufungwa kinu cha kusaga mahindi pembeni ili banda lisifungwe.

Serikali hutumia kipimo kingine. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 hupima idadi ya wafanyakazi pamoja na mtaji uliowekezwa katika mitambo. Kwa sera hiyo, biashara ndogo sana ina wafanyakazi wasiozidi 4 na mtaji usiozidi Sh milioni 5. Biashara ndogo ina wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji unaofika hadi Sh milioni 200. Ya kati ina wafanyakazi 50 hadi 99 na mtaji wa hadi Sh milioni 800. Vipimo hivyo viwili vikipingana, mtaji ndio unaoamua. Kwa hiyo baba yako mdogo, hata kama ana vijana wawili tu, anaweza kuhesabiwa kuwa na biashara ndogo badala ya ndogo sana, ikiwa mashine na kichujio chake vimepita Sh milioni 5. Nasi tuongeze kwamba viwango hivyo viliwekwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, wakati Sh milioni 5 ilikuwa na uwezo mwingine kabisa wa kununua.

Kipo pia kipimo cha umiliki: biashara ya mtu mmoja, ubia, kampuni na ushirika. Hicho tutakigusa katika jibu la mama lishe wa Buguruni.

Lakini kipimo ambacho sisi tunakiona kuwa na maana kubwa zaidi hakimo katika kitabu chako. Ni kuuliza faida inakwenda wapi. Ziko biashara ambazo faida yake yote huliwa nyumbani jioni ile ile, kwa kodi ya chumba, unga na ada, na kesho mtaji huanza upya ukiwa ule ule au umepungua. Hizo ni za kujikimu. Ziko nyingine ambazo sehemu ya faida hurudi kwenye biashara, ikanunua mashine ya pili au ikamlipa kijana wa tatu. Genge la nyanya linaweza kuwa la aina ya pili, na duka lenye rafu ndefu likawa la aina ya kwanza. Ukubwa wa jengo haukuambii lolote juu ya jambo hilo.

Sasa tuje kwenye mchango. Fuata gunia moja la alizeti kutoka shambani Iramba au Mkalama. Mnunuzi wa kijijini hulikusanya kwa mizani yake, na mara nyingi fedha anazonunulia ni za mwenye mashine. Mwenye guta au pikipiki hulifikisha barabarani. Mashineni kuna kijana wa kumimina alizeti, mwingine wa kuchuja, na fundi wa mjini anayeitwa kuchomelea kipande cha chuma kilicholika. Mafuta hutiwa kwenye madumu ya lita 20 na kwenye chupa za plastiki, na yako yanayopangwa kandokando ya barabara kuu ili abiria wa mabasi wayanunue kupitia dirishani. Mashudu huenda kwa wafugaji wa kuku na wa ng'ombe wa maziwa. Mwishoni yupo mpika chapati wa stendi, anayenunua mafuta kwa kipimo kidogo asubuhi kwa fedha aliyoipata jana. Biashara ndogo saba au nane zimeishi kutokana na gunia hilo, na sehemu kubwa ya fedha zake imezunguka mkoani kabla ya kutoka nje. Kama alizeti ile ile ingepakiwa kwenye lori kwenda kukamuliwa mbali, Singida ingebakiwa na bei ya mbegu peke yake.

Kuna jambo la pili. Tanzania huagiza kutoka nje kiasi kikubwa cha mafuta ya kula, hasa ya mawese, na malipo yake hufanywa kwa fedha za kigeni. Kila dumu linalokamuliwa Singida na kununuliwa hapa nchini hupunguza mahitaji hayo. Ndiyo maana ushuru wa mafuta yanayotoka nje huwa ni suala la maisha kwa wakamuaji wadogo: ushuru ulipopunguzwa mwaka 2022 ili kumpunguzia mlaji makali ya bei, wakulima na wakamuaji wa mikoa ya kati walilalamika kwamba bei ya alizeti imeporomoka. Mlaji wa Dar es Salaam alikuwa na haki ya kutaka mafuta ya bei nafuu, na mkamuaji wa Singida alikuwa na haki ya kulalamika. Ukijibu mtihani, usiandike kwamba biashara ndogo huchangia uchumi ukaishia hapo; eleza pia kwamba huumia kwa maamuzi yanayofanyika mbali nayo, ambayo haina akiba ya kuyastahimili.

Nimestaafu utumishi wa umma, na kiinua mgongo changu nilikijengea fremu tatu za kupangisha. Wapangaji wangu wanalipa kodi, leseni na pango, huku mbele ya milango yao machinga wamepanga bidhaa zile zile chini, hawalipi chochote, na wanauza kwa bei ya chini. Kila siku tunaambiwa machinga wana mchango katika uchumi. Mchango gani huo?
*Mzee mstaafu, Moshi*

Mzee wetu, shikamoo. Malalamiko yako ni ya haki, na hatutayafunika kwa maneno matamu kuhusu wanyonge. Mpangaji anayelipa pango, leseni, ushuru wa taka na kodi ya mapato hawezi kushindana kwa bei na mtu ambaye gharama yake ni nauli na turubai. Hata hivyo, kusema kwamba machinga halipi chochote si sahihi kamili. Chaja ya simu anayoiuza imeingia nchini kwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo imo tayari ndani ya bei aliyonunulia kwa muuzaji wa jumla. Kwa kuwa hajasajiliwa kwa kodi hiyo, hana pa kuirejeshea. Anailipa kimyakimya, nawe huioni kwa sababu hana stakabadhi ya kukuonyesha.

Tena, ukichunguza Kariakoo, utaona kwamba mstari kati ya fremu na meza ya nje hauko wazi kama tunavyofikiri. Wako wenye maduka wanaowapa vijana mzigo wauze mbele ya duka, na wako mawinga wasiokuwa na bidhaa hata moja, ambao kazi yao ni kumwongoza mteja hadi dukani na kuongeza chao juu ya bei. Machinga, kwa sehemu, ni mkono wa duka uliotoka nje kumfuata mteja. Ni vizuri uwaulize wapangaji wako kama nao hawana mkono kama huo.

Kuhusu takwimu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya biashara ndogo sana, ndogo na za kati ulikuta nchini biashara zaidi ya milioni 3, zilizokuwa zimetoa ajira kwa watu wapatao milioni 5.2 na kuchangia takriban asilimia 27 ya pato la taifa. Wamiliki zaidi ya nusu walikuwa wanawake. Zigawe hesabu hizo mbili za kwanza utaona kwamba kila biashara ilikuwa na watu wasiofika wawili, akiwemo mwenyewe. Hapo ndipo ulipo ukweli wenye pande mbili: kwa pamoja ni nguzo ya ajira, ila moja moja haziajiri. Uchumi wenye mamilioni ya biashara za mtu mmoja ni uchumi ambao watu wamejitafutia kazi wenyewe baada ya kuikosa kwingine.

Wewe, mzee, umeyaona haya tangu yalipoanza kuliko sisi. Mwaka 1976 ilipokuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika, na watu wakaishia kupanga foleni ya sabuni. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwayo mtu wa mjini asiyeweza kuthibitisha kazi inayotambulika aliweza kuhesabiwa mzururaji na kurudishwa kijijini. Mishahara ilipokuwa haitoshi tena, watumishi wenyewe wakaanza kufuga kuku na kuuza maandazi. Kuanzia mwaka 1984 milango ya uagizaji wa bidhaa ilipoanza kufunguliwa, biashara ya mitaani ikakua kwa kasi. Hakuna awamu iliyofaulu kuifuta kwa kuwakamata watu.

Hatua za karibuni zimekuwa za kuitambua, ingawa kwa kusitasita. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali kwa Sh 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema, lakini kiwango hicho cha mauzo, ukikigawa kwa siku, ni kama Sh 11,000. Muuza matunda anayeuza Sh 20,000 na kubaki na faida ya Sh 4,000 alikuwa tayari amekipita. Mwaka 2021 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan machinga waliondolewa barabarani katika miji mikubwa na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Penye wateja wamebaki. Pasipo na wateja wamerudi barabarani, na huo ndio msingi wa tatizo lako la Moshi: eneo linalotengwa kwa sababu lipo wazi huwa lipo wazi kwa sababu hakuna anayepita hapo. Tunaloshauri ni kwamba wapangaji wako, kupitia jumuiya yao ya wafanyabiashara, wadai kwenye halmashauri mambo mawili kwa pamoja: njia za waenda kwa miguu na milango ya maduka iachwe wazi, na machinga wapewe nafasi karibu na stendi na masoko kwa ushuru mdogo unaokusanywa kwa stakabadhi. Kudai waondolewe tu kutawapa ahueni ya wiki chache.

Tuko mama lishe watano tunaopika eneo moja, kila mmoja na sufuria zake na wateja wake. Mtoa mikopo mmoja ametuambia tukisajili kampuni tutapata mkopo mkubwa. Sasa hivi tunakopa ile ya marejesho ya kila siku, na imetuchosha. Tufanye nini?
*Mama lishe, Buguruni, Dar es Salaam*

Mama, tuanze na hiyo mikopo, kwa maana ndiyo inayokula sufuria. Chukua mfano wa mkopo wa Sh 100,000 ambao unakatwa Sh 5,000 ya fomu, kisha unarejesha Sh 5,000 kila siku kwa siku 26. Umepokea Sh 95,000, umelipa Sh 130,000. Wengi husema hiyo ni riba ya asilimia 30, lakini ni zaidi ya hapo, kwa kuwa fedha hiyo hukai nayo mwezi mzima: siku ya kumi na tatu umekwisha kurudisha Sh 65,000. Ukipiga hesabu kwa fedha unayobaki nayo mkononi siku hadi siku, gharama yake inazidi asilimia 60 kwa mwezi. Hakuna wali maharage unaolipa kiasi hicho. Ndiyo maana watu wameiita kausha damu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja lake umewekwa kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwombeni leseni yake na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili kabla ya kuweka saini au dole gumba. Asiyetaka kuonyesha amewajibu.

Kuhusu kampuni, jibu letu ni hapana, angalau kwa sasa. Kampuni ina faida moja kubwa, kwamba madeni yake hubaki kuwa ya kampuni na hayamfuati mwenye hisa nyumbani, isipokuwa pale alipoweka dhamana yake binafsi, jambo ambalo wakopeshaji hulidai karibu kila mara. Kwa upande mwingine inadai hesabu zilizoandaliwa kitaalamu, taarifa za kila mwaka kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, na ritani za kodi. Kwa watu watano ambao kila mmoja ana sufuria yake, mtakuwa mmejitwika mzigo wa ofisi bila kuwa na ofisi.

Ubia nao una hatari yake, na hii watu hawaambiwi: katika ubia wa kawaida, mdai anaweza kumfuata mbia yeyote kwa deni lote. Mmoja wenu akikopa mchele wa Sh 800,000 kwa jina la ubia kisha akahama mji, mwenye mchele atakuja kwa atakayemkuta.

Kinachowafaa ni kikundi kilichosajiliwa, huku kila mmoja akibaki na biashara yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho duni, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya wa uhakiki. Watu watano mnatosha kuunda kikundi cha wanawake. Mwoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Atawaeleza kuhusu katiba, akaunti ya benki ya kikundi na maombi kupitia mfumo wa mtandaoni. Msimlipe mtu yeyote wa kati kwa ajili ya kujaziwa fomu.

Wakati mkisubiri, maana kusubiri kupo, anzisheni mchezo wa kuweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Sh 1,000 kila mmoja kwa siku, kwa watu watano na siku sita kwa wiki, ni Sh 30,000 kwa wiki. Katika miezi miwili mtakuwa na Sh 240,000, ambazo zinatosha kuwatoa wawili kati yenu katika marejesho ya kila siku. Na nunueni mchele na mafuta kwa pamoja. Mnaponunua gunia zima mkagawana, badala ya kila mmoja kupimiwa kilo tano dukani, akiba itakayopatikana inaweza kuwafaa kuliko mkopo wowote mtakaoahidiwa.

Hapa kwetu tunaambiwa sisi mafundi wa chuma ni jua kali. Je, kwa sheria za Kenya jua kali ni biashara ndogo au ni kitu kando?
*Fundi, Mombasa*

Ni biashara ndogo kama nyingine. Sheria ya Biashara Ndogo Sana na Ndogo ya mwaka 2012, ilipotungwa, iliita biashara ndogo sana ile yenye mauzo yasiyozidi KSh 500,000 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, na ndogo ile yenye mauzo ya kuanzia hapo hadi KSh milioni 5 na wafanyakazi 10 hadi 50. Tofauti na sera ya Tanzania, hapo kwenu mauzo yanahesabiwa. Jua kali lilianza kuwa jina la mafundi wanaofanya kazi pasipo na paa, kama wa Kamukunji jijini Nairobi, na serikali yenyewe ililitumia katika waraka wake wa mwaka 1992 kuhusu sekta hiyo. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kenya uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo sana, ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na milioni 5.8 kati ya hizo hazikuwa na leseni. Kwa hiyo usihuzunike kuitwa hivyo, kwa kuwa nyinyi ndio wengi.

Natengeneza unga wa lishe nyumbani. Wateja wapo, lakini kila duka kubwa ninaloliendea linanidai alama ya ubora na msimbo wa mistari. Nianzie wapi?
*Mjasiriamali, Iringa*

Anzia ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Shirika hilo liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, na barua yake ya utambulisho ndiyo mjasiriamali mdogo anayoipeleka Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Kabla hawajaja kukagua, tenga chumba cha kusagia na kufungashia ambacho hakipikiwi wala hakilaliwi. Wengi hukwama hapo, si kwenye unga. Msimbo wa mistari unaoanza na tarakimu 620 hutolewa na GS1 Tanzania. Usinunue wa mitaani, kwa sababu unaweza kuwa ni wa bidhaa ya mtu mwingine. Na kabla ya yote hayo, uliza duka linalipa baada ya siku ngapi. Likisema siku 60, na mtaji wako unaisha kwa siku 14, alama ya ubora haitakuokoa.

Nina pikipiki tatu. Moja nimempa kijana kwa hesabu ya kila siku, mbili ziko kwa mkataba. Mimi ni mwajiri, au hawa vijana ndio wenye biashara? Nauliza kwa sababu mmoja amepata ajali na familia yake inaniangalia mimi.
*Mwenye pikipiki, Mbeya*

Ndugu yetu, pole kwa ajali, na tunamwombea kijana nafuu. Swali lako ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mipango hiyo miwili haifanani.

Kwa mpango wa hesabu, pikipiki ni yako siku zote. Kijana anakuletea kiasi mlichokubaliana, anabaki na ziada, na matengenezo makubwa ni juu yako. Hajaajiriwa kwa mshahara, lakini anatumia chombo chako kwa masharti yako, nawe unaweza kumnyang'anya kesho. Mahusiano ya namna hii yana sura ya ajira hata kama hakuna aliyeyaita hivyo.

Mkataba ni mauzo ya polepole. Tuseme anakupa Sh 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Atakuwa amekulipa Sh milioni 3.12, na mwisho wake kadi inahamia kwake. Huyo anajenga biashara yake mwenyewe, na wewe kwa hakika ni mkopeshaji unayetumia pikipiki badala ya fedha taslimu. Mpango huu umewapa vijana wengi mali ya kwanza maishani mwao, na kwa maoni yetu umefanya hivyo kwa idadi ambayo benki haijaikaribia. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hauandikwi. Akifika mwezi wa kumi akaugua wiki tatu, mwenye pikipiki mwenye roho ngumu humnyang'anya, na miezi tisa yote inapotea.

Kwa hiyo fanya yafuatayo mapema. Tazama bima ya pikipiki iliyopata ajali: bima ndogo, ile ya lazima, hulinda watu wengine walioumizwa na chombo chako, lakini haimlipi dereva mwenyewe wala haitengenezi pikipiki. Kama ilikuwa hai na kuna abiria au mpita njia aliyeumia, peleka taarifa kwa kampuni ya bima na chukua taarifa ya polisi wa usalama barabarani. Gharama za matibabu ya kijana haziko kwenye bima hiyo, hivyo kaeni na familia mkubaliane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mkiandika nani anatoa kiasi gani na kama marejesho yanasimama hadi apone. Kwa pikipiki mbili za mkataba, andika sasa hivi karatasi yenye jumla ya deni, kilicholipwa hadi leo, nani analipa bima, leseni na faini, na nini kitatokea mmoja akiugua. Kila upande ubaki na nakala yenye saini za mashahidi. Na siku ya mwisho ya malipo nendeni pamoja ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kuhamisha umiliki, kwa sababu kadi ikibaki na jina lako, deni na ajali ya pikipiki hiyo vitaendelea kukutafuta wewe.